Wa Mwisho Kushuka

Usiku ule waliniambia nibaki nyumbani. Baba wa binti yangu alichukua tochi na koti la mvua, wanaume wa ofisi ya njia za mlimani wakampakia kwenye gari lao, na mimi nikaachwa mlangoni. Walisema lazima awepo mtu, iwapo binti atarudi mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi zetu za saruji, na taa ya nje haikuonyesha kitu zaidi ya ukungu wenyewe.

Binti yangu kazi yake ni kutembea nyuma ya wageni. Kisiwa chetu ni mlima uliosimama baharini, hakina ufukwe wa maana, kwa hiyo wageni wa likizo wanaokuja huku huja kutembea. Wanapanda asubuhi kwa Njia ya Ukingo, ambako bahari unaiona mkono wa kulia na mkono wa kushoto kwa wakati mmoja, kisha wanashuka kupitia msitu wa kuvu, wenye miti iliyopinda na maporomoko madogo ya maji kila kona. Ni njia nzuri, sikatai. Mimi nimeipita mara moja tu, nikiwa mchumba, na nilimshika baba yake mkono njia nzima. Yeye mpaka leo anaamini yalikuwa mapenzi. Ilikuwa woga.

Zamani kila kundi lilikuwa na kiongozi mmoja wa mbele, basi. Halafu akapotea kijana mmoja. Alikuja likizo peke yake, mwembamba, na begi mgongoni pana kuliko mabega yake, mpaka wenzake wa kundi wakamtania kwamba begi ndilo limekuja likizo na yeye ni mzigo wake. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Ukungu ulipoingia msituni kundi likaendelea kushuka, na hakuna aliyegeuka nyuma. Walimtafuta msimu mzima, hawakupata hata kifungo cha shati. Ndipo ofisi ikaamuru kila kundi liwe na mtu wa kufunga msafara. Kazi yake ina sharti moja: hampiti mtu. Mgeni akisimama kupiga picha, unasimama. Akikaa kulia kwa sababu ya malengelenge, unakaa naye. Hakuna anayebaki nyuma yako.

Binti yangu alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata kazi hiyo. Wakamwita Mkia. Wanaume wa ofisini walimtania kwamba haolewi kwa sababu hata kwenye harusi yake atataka bwana harusi na wageni waingie wote kwanza. Aliwajibu kwamba afadhali yeye, wao wanaolewa na viti vya ofisi. Mimi nilicheka, lakini nilikuwa naona kitu ambacho wao hawakioni. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Nyumbani hakai mezani mpaka sote tumekaa. Tukirudi kutoka dukani hasogei mlangoni, anasimama pembeni, mkono mmoja ameunyoosha kando, mpaka mimi na baba yake tumeingia. Kisha anaingia, anafunga komeo, na kusema, "Haya. Njia imefungwa." Kila siku, maneno hayohayo. Jioni anamwaga mifuko ya suruali yake juu ya meza: miwani ya jua, kofia, kibanio cha nywele, vitu vilivyoanguka njiani. Mabegi yaliyochanika ananiletea mimi niyashone. Huwa nayatundika kwenye misumari kwenye ukumbi mwembamba unaotoka mlangoni kwenda jikoni, na mtu akipita na mzigo hawezi kukwepa kuyagusa.

Habari ililetwa jioni na kiongozi mpya wa mbele, kijana mrefu ambaye watu wanamwita Mrefu tu. Alikuwa amechukua nafasi ya Mzee Goti, ambaye magoti yalimshinda msimu huu. Mrefu alisimama kwenye ngazi zetu, kofia mkononi. Alisema walikutwa na ukungu msituni, redio za mkononi zikakoroma tu, kwa hiyo akafanya kama alivyofundishwa: kila kona alipuliza kipenga, na nyuma kabisa Mkia akamwitikia. Wakashuka hivyo mpaka getini, njia inapoishia. Aliposimama kuwahesabu wageni, wote walikuwepo. Yeye hakuwepo.

"Mara ya mwisho alikuitikia wapi?" nikamwuliza.

"Hapo hapo getini, mama. Ila ilikuwa kwa mbali, juu kabisa. Nikadhani ni ukungu unaficha sauti."

"Alikuitikia na nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Na kipenga, mama. Mimi napuliza, yeye anapuliza."

Baba yake alikuwa anafunga kamba za viatu. Mikono yake ikasimama. Binti yetu ana pumu tangu mdogo, na kipenga humkata pumzi. Tangu aanze kazi hajawahi kukipuliza. Anatembea na fimbo yenye ncha ya chuma, na kiongozi akipiga kipenga, yeye anagonga jiwe mara mbili. Mzee Goti alilijua hilo kama alivyojua jina lake, kiasi kwamba hakukumbuka kumwambia mrithi wake. Mrefu alisikia kipenga, akaridhika, akaendelea kushuka.

"Mwanangu," nikamwambia, "yule hapulizi kipenga."

Alivaa kofia yake, akaivua tena, kisha akaenda kwenye gari kukaa, na nikamwona kwenye taa ya gari amejikumbatia.

Basi nikabaki na cherehani. Niliweka birika jikoni, maji yakachemka, nikazima, yakapoa, nikawasha tena. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mezani. Anayo nyingine ya kutembea nayo, lakini nilijua ilikuwa inaisha, kwa sababu asubuhi nilimwona akiitikisa karibu na sikio. Hilo ndilo lililokuwa linanila roho. Sikuwa naogopa maporomoko wala giza, anayajua. Niliogopa baridi imshike kifua akiwa amekaa mahali, anamsubiri mtu.

Kila baada ya muda kipenga cha Mrefu kilisikika kutoka mlimani, kirefu, kinavutwa mwishoni. Kinalia, halafu kimya. Nikaanza kukingojea kama mtu anavyongojea tone la bomba bovu. Kikalia. Kimya. Kikalia tena.

Kikajibiwa.

Jibu lilikuwa fupi na dhaifu, na lilitoka upande wetu, kwenye kijia kinachopita nyuma ya nyumba. Nikasimama, nikaenda mlangoni nikaweka mkono kwenye komeo, na sikulivuta. Kama ni mwanangu ataniita, nilijiambia. Hakuna aliyeita. Juu mlimani Mrefu akapuliza tena, na safari hii jibu lilitoka kwenye ngazi zetu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi inayotangulia sauti.

"Nani?" nikauliza.

Nikalisukuma komeo lizame zaidi. Ndipo, chini ya ngazi, nyuma ya pale kilipolia kipenga, nikasikia chuma kinagonga saruji.

Ko. Ko.

Nikafungua ubao mmoja wa mlango wetu wa mbao mbili. Binti yangu alikuwa amesimama chini ya ngazi, amelowa, midomo imepauka, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameunyoosha kando, vile anavyowaonyesha wageni mahali pa kukanyaga. Kati yangu na yeye ngazi zilikuwa tupu. Nilitaka kushuka mbio nimkumbatie. Akanionyesha kiganja nisimame.

"Mpishe kwanza, mama."

"Nani, mwanangu?"

"Alikuwa nyuma yangu. Akaniita na kipenga, nikamsubiri." Aliongea taratibu, kama anamwambia mgeni aangalie jiwe linaloteleza. "Anatembea polepole. Na siwezi kumpita."

Nikamsihi aingie. Nikamwambia dawa iko mezani, maji ya moto yapo, kifua chake nakisikia kinavyokoroma kutoka hapa nilipo. Alitikisa kichwa tu. Namjua mwanangu. Angesimama pale, mkono umenyooka, mpaka pumzi imwishie, na mimi ningekuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake na mlango nusu wazi.

Nikatazama zile ngazi tupu. Ukungu ulikuwa umejaa kila mahali isipokuwa nafasi moja kwenye ngazi ya juu, mbele yangu, pana kama mlango mzima.

Nikapiga moyo konde. Ubao wa pili huwa tunaufungua tu siku ya kuingiza kabati au kutoa cherehani. Nikachomoa pini yake ya chini, nikaufungua, nikabana mgongo wangu ukutani.

"Karibu," nikasema. "Pita, baba."

Hakuna kilichonigusa. Lakini begi la kwanza kwenye msumari likayumba, kama linavyoyumba anapopita mtu mwenye mzigo mpana. Likafuata la pili. Yakayumba moja baada ya jingine, polepole, ukumbi mzima, mpaka la mwisho karibu na mlango wa jikoni.

Ndipo binti yangu akashusha mkono wake. Akapanda ngazi, akanipita akinuka kuvu na mvua, akageuka, akafunga ubao wa kwanza na wa pili, akalisukuma komeo.

"Haya," akasema. "Njia imefungwa."

Nikamshika mikono yote miwili, ilikuwa baridi lakini ilikuwa yake, na nikaendelea kumtazama usoni. Jikoni kiti kilivutwa. Sikugeuka.