Bi Mkubwa wa Nyuma ya Soko

Fundi Mboji, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, alikuwa na kazi ambayo watu wakiisikia huziba pua: kuozesha. Maganda, mabua na mboga zilizonyauka sokoni alivirundika kwenye ua wa nyuma ya soko, na maji ya kuoshea mboga hakuyaachia mtaro. Aliyachuja kwa mchanga na kokoto, yakajaa tangini, ndiyo akayanyunyizia malundo yake. Baada ya miezi mitatu uozo ule ulikuwa mboji nyeusi, wakulima wanaigombea. Lundo kubwa kuliko yote alilipa jina: Bi Mkubwa. Na jina la mtu lina mambo yake. Ukishalitoa, ulimi wenyewe haukubali tena kusema "limepoa". Unasema "amepoa".

Balaa lilianzia hapo. Siku yake ya mapumziko, mkewe yuko jikoni anakaanga vitunguu, akamsikia sebuleni akiongea kwa simu na mwenzake wa kazini, sauti laini utadhani anaposa.

"Bi Mkubwa ameamkaje? Ana joto? Ah, afadhali! Mnyweshe kidogo, halafu mfunike. Kumgeuza niachie mimi kesho. Ameshauzoea mkono wangu."

Vitunguu viliungua. Lo! Miaka kumi na tisa ya ndoa, watoto wanne, kumbe yeye ndiye bi mdogo! Mama wa watu hakulia wala hakuuliza. Alijaza nguo zake kwenye begi, na asubuhi yake akampitia wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, mwanamke asiye na breki mdomoni, ili ndoa ife mbele ya shahidi.

"Twende," wifi alisema. "Ikiwa kweli, ndugu yangu huyo nitamkana mimi kabla yako."

Walimkuta Fundi kule uani nyuma ya soko, amepiga magoti, mkono umezama ndani ya lundo mpaka kiwikoni, macho ameyafumba.

"Yuko wapi?" mkewe alifoka.

"Nani?"

"Bi Mkubwa wako!"

Fundi akalipapasa lundo. "Si huyu hapa?"

Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. "Wifi yangu, una mke mwenza wa maganda ya ndizi!" Fundi naye akaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Alilitazama lundo lile, limefunikwa magunia vizuri kuliko mtoto mchanga, akatua begi lake.

"Bora angekuwa mwanamke," alisema. "Huyu kila siku unauliza ameamkaje. Mimi uliniuliza lini?"

Fundi aliitafuta siku hiyo, asiione. Aibu ilimshika kwelikweli. Akaenda kunawa mikono mpaka viwikoni, akarudi kusimama mbele ya mkewe.

"Mama watoto, umeamkaje?"

"Vibaya. Goti hili halinipi usingizi."

"Tangu jana?"

"Tangu mwaka juzi."

Fundi akalichukua begi, akampa mkewe mkono aushike.

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Na Bi Mkubwa? Si ulisema leo unamgeuza?"

"Lile lundo?" alisema Fundi, wala hakutazama nyuma. "Litangoja."