Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi, nusura nirudishwe kwetu

Wakuu, marahaba nyote, maana humu sidhani kama yupo wa kunizidi umri.

Nimesoma uzi wa yule ambaye rangi ya nyumba yake inabanduka, nanyi wote mnamtukana fundi. Ngoja niwape yaliyonikuta mimi, siongezi chumvi. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ni enzi za Mwingereza. Mchumba wangu alirudi kutoka migodini Rodeshia na makopo ya rangi ya mafuta, ya kijani. Akajenga kijiji cha Mpemba, kule mpakani, tofali mbichi, mvua bado zinanyesha. Plasta ya udongo haijakauka, yeye keshapaka. Watu walikuwa wanakuja kuishangaa.

Mahari ilishapokelewa. Ila baba alitaka mama anisindikize kutoka Ileje, aikague nyumba. Akiridhika, anarudi peke yake. Asiporidhika, tunarudi wote.

Na mimi yule mwanaume nilikuwa nampenda, nisiwafiche.

Sasa, kwetu enzi hizo mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Mama alipewa kigoda barazani, akampa mgongo mkwewe aliyekuwa uwanjani mbele ya nyumba. Akabaki anatazamana na ukuta, mchana kutwa.

Ukuta wenyewe ndio huo sasa. Katikati malengelenge. Chini karibu na ardhi rangi inatoka vipande vipande. Kwenye kona ukungu mweusi. Mama akabonyeza lengelenge moja, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mchumba akanituma nimwambie kwamba rangi ndiyo mbovu, alidanganywa dukani.

Mama akajibu bila kugeuka: "Mwambie rangi haina kosa. Amemvalisha mtu koti la mvua juu ya nguo zilizoloa."

Nikamfikishia, jamaa akaondoka zake. Nikajua basi, narudi Ileje. Roho iliniuma.

Mara nikasikia kwaru, kwaru, huko nyuma ya nyumba. Kachukua jembe kuukuu anakwangua rangi yake mwenyewe, na majirani waliokuja kuishangaa sasa wanamcheka. Yeye akaendelea tu kukwangua. Mama alisikiliza ile sauti mpaka jua likapoa, kisha akafunga mzigo wake. Wangu hakuugusa.

"Baki," akaniambia. "Anayekubali kukwangua kazi yake mbele ya wakwe, mtaishi."

Ukuta tuliuacha hivyo hivyo kiangazi kizima ukakauka, ndipo tukapaka chokaa. Haikubanduka.

Kwa hiyo wewe mwenye uzi, muache fundi kwanza. Gusa ukuta. Malengelenge ni unyevu uliofungiwa ndani, unatafuta pa kutokea. Ikibanduka chini tu, maji yanapanda kutoka ardhini, angalia msingi. Ukirudishia rangi juu yake unatupa hela.

Mume wangu alikosea mengi baada ya hapo, na mimi pia. Ila kila mara alikuwa tayari kukwangua. Nilimzika mwaka juzi, na nyumba bado naikumbuka ilivyokuwa ya kijani.

Haya, semeni na nyinyi. Nani humu amewahi kukwangua?