Lori Lenye Masikio

Huko Majengo, Nyeri, tulikokuwa tumepanga chumba, krismasi ilianza siku mama alipong'oa katoni ukutani.

Vyumba vile vilikuwa vya mbao, na upepo wa mlimani ulipita katikati ya ubao na ubao kama uko kwake. Kwa hiyo kila mpangaji aliomba katoni madukani, za sabuni, za mafuta ya kupikia, za majani chai, akazifungua na kuzibandika ukutani kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kufikia Desemba zilikuwa zimeshika moshi hadi kuwa nyeusi, na panya walikuwa wametoboa pembe wakifuata ule uji. Hakuna mwanamke wa ploti yetu aliyetaka wageni wa krismasi wazione hivyo. Waling'oa za zamani wakabandika mpya, na zile za zamani zikawa mali ya watoto. Hatukuhitaji kuomba ruhusa.

Basi mwezi huo ua mzima ulijaa vitu vya katoni. Wasichana tulitengeneza kanisa lenye mnara, nyota za kutundika mlangoni, na mabawa ya wale waliochaguliwa kuwa malaika katika mchezo wa kanisani. Mimi sikuchaguliwa hata mara moja, kwa sababu sauti yangu haikufika benchi la pili. Lakini mabawa ya wenzangu niliyakata mimi. Wavulana walitengeneza magari, na ungeona gari likipita kwa vumbi huku ubavuni limeandikwa jina la sabuni, kichwa chini.

Gari la ndugu yangu mdogo lilikuwa tofauti na mengine, kwa kuwa lilitengenezwa na baba.

Baba alikuwa mshonaji wa magunia. Kazi yake ilikuwa kufunga midomo ya magunia ya kahawa kiwandani, kwa sindano ndefu iliyopinda nchani na uzi wa katani. Anayeshona gunia huacha kipande kila pembe, akakizungushia uzi kikasimama kama sikio, ili wapakiaji wapate mahali pa kushika. Baba alikuwa ameshona magunia mengi mno, hata mkono wake haukujua tena kumaliza pembe kwa njia nyingine. Alipomtengenezea ndugu yangu lori la katoni hakutumia uji kama watu wote. Alilishona kwa sindano yake ya kazi, na kila pembe ya bodi akaiachia sikio.

Lori halina haja ya masikio. Watoto wa ploti walilizunguka wakicheka.

"Hii si lori, ni punda," mtoto wa askari aliyekuwa jirani yetu alisema. "Ipeleke ikule nyasi."

Ndugu yangu alimjibu kwamba lori lake la uji litaliwa na panya kabla ya mwaka mpya. Ikawa hivyo. La baba lilidumu mpaka mvua ndefu.

Halafu baba akaenda Thika. Alituambia kwamba viwanda vya kahawa vya huko ni vikubwa na kazi haikatiki kama hapa, ila ni mbali, na hataweza kuja mara kwa mara. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa anakuja pasaka na krismasi, kisha krismasi peke yake. Halafu ikapita krismasi moja hakuja kabisa, wala hakutuma mtu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alimtumia mama neno zaidi ya mara moja arudi kwao. Kulikuwa na kipande cha shamba karibu na barabara, udongo mzuri, angelima akatulisha. Mama alikataa. Kwetu, mwanamke anayerudi kwa wazazi wake na sufuria zake kichwani amekubali mbele ya watu wote kwamba ameachwa, na mama hakuwa ameachwa. Mume wake alikuwa kazini, mbali. Ndivyo alivyomjibu mjomba, ndivyo alivyowaambia wanawake bombani wakati wa kuteka maji. Nilipomaliza darasa la saba aliniambia nikae kidogo, karo ya sekondari itatoka Thika. Nilikaa. Nimekaa hadi leo.

Mama alikuwa akiuza ndizi sokoni. Kwa kawaida alizinunua kwa wanawake waliozileta mjini, lakini Desemba iliyofuata ile ambayo baba hakuja, wanawake wale walipandisha bei kwa sababu ya sikukuu. Mama akasema afadhali twende kuzitafuta wenyewe Kiriaini, tukiwa wawili tutabeba mikungu ya kutosha. Mimi sikuwa nimefika huko. Nilidhani ni mbali. Tulitoka asubuhi, na jua halijapanda sana tulikuwa tumeshafika.

Tulinunua ndizi, tukakaa chini ya upenu wa safu ya vyumba nyuma ya soko, tukizifunga kwa kamba huku tukingoja gari la kurudi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale ya nchi ya chai, usiyoyasikia mpaka uone nguo imelowa. Mtoto wa kiume mwenye shati tu, bila sweta, alitoka katika chumba kimoja akivuta lori kwa uzi.

Lilikuwa la katoni ya majani chai. Lilikuwa limeshonwa, si kubandikwa, kwa uzi wa katani. Kila pembe lilikuwa na sikio.

Niliona mimi kwanza. Niliinamisha uso kama ilivyo kawaida yangu, nikitumaini mama ameshughulika na mikungu. Nilipoinua macho, mikono yake ilikuwa imeshika kamba na haifungi.

Akamwita yule mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kuja hapa, kijana. Hiyo lori yako ni nzuri. Nani alikutengenezea?"

"Ni baba."

"Na hizi ni nini?" Aliigusa pembe kwa kidole kimoja.

"Masikio." Mtoto alimtazama kama mtu asiyejua kitu. "Ya kushika."

"Baba anafanya kazi wapi?"

"Anashona magunia pale fakitori." Alinyoosha mkono kuelekea mabati yaliyoonekana chini bondeni. "Akitoka kazi atanitengenezea ingine ya krismasi. Hii ni ya ile ingine, imezeeka."

Ile nyingine. Krismasi ile ndugu yangu alishinda kando ya barabara mpaka giza likaingia, na mama akaifunika nyama ya baba kwa sahani, ikakaa pale siku mbili.

Mama wa yule mtoto akatokea mlangoni, msichana tu, hakunizidi kwa miaka mingi, na mtoto mwingine amembeba mgongoni. Alimwamkia mama kwa heshima, akauliza kama kijana wake anatusumbua. Mama akasema hapana, ana adabu nzuri. Yule msichana akatuambia tuingie ndani tuote moto, tusilowe bure kwa ajili ya ndizi.

"Asante, mama," mama akamjibu. "Tunangoja gari tu."

Nilidhani atashuka kule kiwandani. Kilikuwa karibu sana, ungesikia watu wakiitana. Hakushuka. Alimaliza kufunga mikungu, akaijaribu kila kamba kwa kuivuta, gari likaja tukapanda. Tulikuwa tumepita Othaya aliponigeukia.

"Ndugu yako asijue kabla ya krismasi," akasema. "Acha akule kwanza."

Nyumbani ukuta ulikuwa mtupu, maana katoni za zamani tulikuwa tumeshazing'oa. Mama alikoroga uji akabandika mpya siku ileile, akazipiga kwa kiganja hadi kwenye pembe za juu ambazo mwaka mwingine alikuwa akiziruka. Nilikuwa nikimpokeza vipande. Katika zile za zamani nilichagua iliyokuwa na moshi kidogo nikamtengenezea ndugu yangu lori, nikashinda nalo siku nzima. Alilisukuma kidogo, akanirudishia kwa upole. Akasema atangoja la baba, ndilo lenye nguvu. Akaenda kukaa kando ya barabara.

Baba alifika siku ya pili ya krismasi, na mkate, sukari, na lori jipya ndani ya gunia. Ndugu yangu alitoka nalo mbio kabla baba hajakaa. Tulimsikia akiwaita watoto wa ploti yote waje waone, eti alisema baba atakuja na wao walibisha.

Mama alimpa baba chai. Baba akaeleza habari za safari, jinsi magari ya Thika yalivyojaa siku hizi, jinsi alivyolala njiani. Alieleza vizuri. Kama nisingekuwa nimefika Kiriaini ningemhurumia.

"Thika kuna baridi mwezi huu?" mama akauliza.

"Huko ni joto tu. Usiku hata blanketi hutaki."

"Na Kiriaini?"

Baba alikunywa chai. Akanitazama mimi, si mama, kama vile mimi ndiye ningemwonyesha ni mambo mangapi yanajulikana. Nilitazama sakafu. Huko nje lori lilikuwa likikwaruza kwenye changarawe na mtoto akinguruma kwa mdomo.

"Kiriaini kuna baridi," akasema mwishowe, kama mtu anayejibu swali la mgeni.

"Basi mnunulie yule mtoto sweta. Tulimkuta kwa mvua na shati tu."

Hakuuliza tulimkuta lini wala tulifuata nini. Alimaliza chai, akaweka kikombe chini polepole, akachukua kofia yake na gunia tupu, akatoka. Ninajua kwamba alisimama na ndugu yangu uani, kwa sababu ndugu yangu alituambia baadaye: baba amesema atamletea magurudumu ya mpira.

Januari mama alibeba sufuria zake kichwani tukaenda kwa mjomba. Alipita bombani mchana, wanawake wote wakiwepo, akawaamkia mmoja mmoja. Mjomba alitupokea, lakini kile kipande cha karibu na barabara alikuwa amempa mwanawe aliyeoa.

"Nilikungoja," akamwambia mama. "Wewe ulisema mume wako yuko kazini. Mimi ningekaa na shamba tupu mpaka lini?"

Mama alisema ni kweli, kaka yake alimngoja. Tulipewa cha chini, kando ya mto, mahali baridi hushuka usiku na kukaa. Maharagwe ya kwanza yalitoka vizuri. Asubuhi moja tuliyakuta yote yameungua kwa baridi, majani meusi kama yamemwagiwa maji moto.

Tulikuwa tumesimama tukiyatazama, ndugu yangu akauliza baba atatupata vipi huku chini krismasi ikifika.

Mama alimwambia alete jembe lingine. Hayo ni ya kung'oa yote, akasema, tujaribu viazi.