Kifungu cha Kunyamaza

Nina steshenari pale Mukendo, Musoma. Natoa kopi, nachapa barua, na zaidi ya yote nachapa malalamiko ya watu wanaokwenda mahakamani. Miaka yote hiyo nimejifunza lugha ya mahakama bila kukanyaga chuo cha sheria, na ndiyo maana nilipoingia kwenye ile nchi yetu ya mtandaoni hawakuchelewa kunipa ujaji mkuu.

Nchi yenyewe ni mchezo. Tuko watu kama arobaini hivi, kila mmoja na simu yake. Tuna rais, bunge, gazeti la umbea na mahakama. Tunagombea, tunapiga kura, tunashtakiana. Mume wangu huniuliza, "Mheshimiwa, nchi yako ina chumvi? Maana hapa ndani imeisha." Acha aseme. Niliipenda ile kazi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kilichonikera ni kesi kutokwisha. Zote zilikuwa za maandishi. Mtu akishtakiwa kwa kumtukana waziri, anamwaga kurasa nane. Waziri anajibu kwa kumi. Wiki mbili zinakwisha na hakuna anayekumbuka tusi lilikuwa lipi. Tena nilikuwa na imani yangu ya dukani. Mteja akinisimulia shida yake kwa mdomo, naielewa hapo hapo. Akiniletea iliyoandikwa na mjuaji wa mtaani kwao, haieleweki tena, na nusu yake uongo. Nikajiambia uongo unajificha kwenye karatasi, ila kwenye sauti hauna pa kujificha.

Basi nikaleta mageuzi. Kesi zote zisikilizwe kwa sauti, ndani ya saa moja, hukumu itoke siku hiyo hiyo. Nikaongeza kifungu nilichojivunia kuliko vyote: mtu akiitwa mara tatu kujibu shtaka akanyamaza, amekiri. Bunge likapitisha kwa shangwe. Aliyepinga ni mmoja tu, yule tuliyemwita Wakili. Aliandika aya nne nzuri mno, za taratibu, kwamba si kila mwenye haki ana mdomo mwepesi. Nikamjibu kwa mstari mmoja: "Wakili anaogopa kuongea? Makubwa!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Haukupita mwezi, Wakili mwenyewe akashtakiwa. Waziri mmoja alidai kwamba ana akaunti mbili, na kwenye uchaguzi aliogombea kajipigia kura mara mbili, maana zote mbili zilikuwa zinaingia kwa simu moja. Kwetu hilo ni kosa la kufukuzwa. Jumamosi mchana nikafungua mahakama. Nikazima mashine ya kopi isije ikaniletea kelele, nikasoma shtaka, nikamwita. Taa ndogo ya kipaza sauti chake ikawaka. Nikasikia pumzi, ikazimika. Nikamwita mara ya pili. Ikawaka, kikasikika kitu kama mkwaruzo wa koo, ikazimika. Ya tatu nikamwita kwa ukali, kwa sababu nilishaona ananidharau.

"Mahakama haichezewi, Wakili."

Kimya. Nikamfukuza moja kwa moja, kwa sheria yangu, nikawasha mashine nikarudi kutoa kopi za vyeti vya watu huku moyo umetulia kabisa. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba ulitulia.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa baba, Butiama. Zamani aliwahi kuwa mzee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kwenye mahakama ya mwanzo. Nilimkuta zizini anawanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Akanipa pampu nimsaidie, nami nikamsimulia kesi yote kwa majivuno.

"Mahakama ya kwenye simu," akasema. "Haya. Na huyo mliyemfukuza, mlimwuliza nani?"

"Yeye mwenyewe, baba. Mara tatu."

"Na nani tena?"

"Nani tena yupi? Mshtakiwa si ni yeye?"

"Pampu, mama, pampu, dawa inakatika." Akazunguka upande wa pili wa ng'ombe. "Sisi mtu akinyamaza tulikuwaga tunatuma mtu aende kwao. Ana mke, ana jirani. Kuna mmoja alinyamaza kumbe ana siku mbili hajala. Mwingine kumbe anamwogopa shemeji yake aliyekaa pale mbele. Nyie mmemtuma nani?"

Nilikasirika. Nikamwambia ule ni mchezo, si kesi ya ng'ombe. Akasema kama ni mchezo, mbona nafura?

Siku tatu sikuwa na raha. Jumatano nikafunga duka, nikapanda basi la Bunda. Nilichokijua kilikuwa kidogo: Wakili aliwahi kututumia picha ya nembo ya nchi yetu, samaki sato wa chuma aliyemchomelea mwenyewe juu ya geti, akasema karakana yake iko Manyamanyama, pale Bunda. Nikamwonyesha bodaboda ile picha.

"Aaa, fundi wa kukwama!" akacheka. "Huyo, dada, ukimwuliza bei asubuhi anakujibu jioni. Kigugumizi chake si cha dunia hii. Panda."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka naye. Kicheko kikaniishia mdomoni. Nikapanda, tukaenda.

Alikuwa mwanamume wa makamo, miwani ya kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso. Nikajitambulisha. Akafungua mdomo, shingo ikakaza, macho yakafumba, na neno likagoma. Nilitaka kumsaidia kulimalizia, nikauma ulimi. Baada ya muda likatoka: "Ka-karibu." Akanivutia kigoda, kisha akachukua simu akaniandikia, nami nimekaa mbele yake pale pale: "Mheshimiwa, kule ndiko mahali pekee nilipokuwa namaliza sentensi zangu mwenyewe."

Nililia, sitaficha. Nililia katikati ya mageti ya watu.

Mkewe akatoka ndani na beseni la nguo. "Kumbe wewe ndiye jaji? Akaunti ya pili ni ya kwangu mimi! Simu yetu ni hiyo hiyo moja. Na kura yangu nilimpa mpinzani wake, mwulize." Mumewe akatikisa kichwa kukubali, na ilionekana bado inamuuma. "Mngeniuliza ningewaambia," mama akasema, akaenda zake kuanika.

Nikasema namrudisha leo leo na watu wote nitawaeleza. Akaninyooshea kiganja, ngoja. Akaandika: "Habari ya akaunti waeleze. Habari ya mdomo wangu usiiseme. Kule mimi ni Wakili. Fundi wa kukwama wanamjua Bunda, inatosha."

Nikaahidi.

Sasa kumrudisha si jambo la kutamka tu. Mimi huyu huyu niliandika kwamba aliyekiri kwa kunyamaza harudi mpaka sababu ya kunyamaza kwake ijulikane. Nikaomba kesi ifunguliwe upya, nikajiondoa kitini, naibu wangu akakaa. Jumamosi saa tisa mchana karibu nchi nzima ilikuwepo, na Wakili akaruhusiwa kuingia kama mshtakiwa. Nikaeleza nilivyokwenda Bunda, na habari ya mke na simu moja.

"Sawa," akasema yule waziri. "Hayo ni maneno kumi. Siku ile kwa nini hakuyasema?"

Nikanyamaza.

"Au ni kwa sababu mnatoka mkoa mmoja? Umekula nini Bunda, Mheshimiwa?"

Mimi si mtu wa kunyamaza. Hata mume wangu atakwambia. Neno lilikuwa hapa kooni, neno moja tu, na ningetoka pale nikiwa safi. Naibu akaniita mara ya kwanza nijibu. Akaniita ya pili. Mtu akaandika pembeni, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na vicheko vikafuata. Akaniita ya tatu kwa huzuni, maana mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nilitazama ile taa yangu ya kipaza sauti, nikaizima kwa mkono wangu.

"Basi, kwa mujibu wa kifungu..." akaanza.

Hapo taa ya Wakili ikawaka. Pumzi. Kisha, "M-m-m," ikakata, ikarudi, ikakata.

"Mtandao wako mbovu," mtu akasema. "Toka uingie upya."

"Unakatika, kaka, hatukusikii!"

Nikawasha yangu. "Mtandao hauna shida," nikasema. "Subirini amalize."

Naibu alikuwa na haki ya kuniamuru nikae kimya. Hakuniamuru. Mmoja mmoja wakazima vipaza sauti vyao, mpaka tukawa tunasikia kuku wa Manyamanyama na mtu mmoja akipigana na koo lake. Ilichukua muda kuliko hotuba yoyote ya bunge letu, na ilikuwa sentensi moja:

"Mheshimiwa ananitunzia siri, na siri yenyewe ndiyo hii mnayoisikia."

Naibu akakohoa kidogo.

"Umemaliza, Wakili?"

"Ba-bado," akasema.

Tukasubiri.