Sindano ya Uchungu na Maoni Yetu

Juzi nilimsindikiza mke wangu kliniki ya wajawazito hapa Ruiru. Mbele yetu, dada mmoja wa Membley alimwambia muuguzi atajifungua bila sindano ya kupunguza uchungu. Mama mkwe wake, aliyetoka Ngoliba, akashika kichwa.

"Unataka kumwonyesha nani?"

"Si wewe ulizaa wote bila sindano, mama?"

"Haiya! Mimi sikuikataa. Haikuwako."

Dada akapapasa tumbo, akatabasamu. "Sasa iko, na ni mimi nimeamua kuanza bila. Ikinizidi, nitaiitisha."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, akakubali.

"Lakini mimi naona adungwe tu," akasema mume wa dada, aliyekuwa amekaa kando yao.

Dada, mama mkwe na muuguzi, wote watatu wakamgeukia.

Mimi pia nilikuwa na maoni mazuri sana. Niliyameza bila sindano.