Serikali Haina Dini, na Mizani Iko Kanisani

Kwetu ukisema fulani hana dini, umemtukana. Maana yake hana huruma, mtakula sahani moja leo na kesho atakuuza. Kwa hiyo siku mtendaji wetu wa kijiji aliposimama mkutanoni akasema, "Serikali haina dini," nilisikia mwanamke nyuma yangu akivuta pumzi.

"Kumbe wenyewe wanajua," akasema.

Mwenzake akamjibu, "Ndiyo maana mbolea inafika mpunga umeshachanua."

Watu wakacheka, na mimi nikiwamo. Mtendaji hakucheka. Alikuwa kijana aliyehamishiwa huku Bujonde kutoka mkoa mwingine, mlokole, msafi wa nguo hata wakati wa matope. Jina lake nalijua, na la baba yake pia, kama ninavyoyajua majina ya wote nitakaowataja hapa. Lakini bado tunakutana gulioni, basi acha yakae kichwani mwangu.

Alichotaka kutuambia ni kwamba kliniki ya watoto itahama. Kila mwezi nesi wa serikali anakuja na kisanduku chake cha chanjo, anatundika mizani kwenye boriti ya nyumba ya akina mama wa kanisa, watoto wanapimwa. Sasa, alisema, kazi ya serikali haiwezi kufanyika kanisani. Itafanyika kwenye zahanati, ng'ambo ya mto.

Hapo kicheko kikanikauka. Mjukuu wangu anauza mchele Kyela mjini, na mtoto wake, kitukuu changu, nilikuwa nabaki naye mimi. Chanjo yake ya surua ilikuwa imekaribia, na masika yalikuwa yameshaanza. Mto ule wakati wa masika si wa kuvukwa na mtu mwenye magoti kama yangu, tena mtoto yuko mgongoni.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, nyumba ile ni ya kanisa kwa kipimo gani?"

"Bibi, iko kwenye kiwanja cha kanisa."

"Bati ni za halmashauri," mwenyekiti wa kijiji akadakia. "Nilizipokea mimi."

"Na tofali tulifyatua sisi," akasema yule wa nyuma yangu. "Mimi si kanisa wala si halmashauri."

Mtendaji akasema basi, kiwanja si hoja, hoja ni kinachofanyika ndani. Mzee wa kanisa akasimama, akauliza kama kilo za mtoto nazo ni ibada. Mtendaji akasema hoja hasa ni mpita njia, akitazama pale ataona nini. Mwenyekiti akasema ataona wanawake na nepi. Kila kipimo alichokishika kilimponyoka kama kambare. Akaenda wilayani kuuliza, akarudi amechanganyikiwa zaidi, kwa sababu mmoja alimwambia nyumba ya dini isiguswe kabisa, na mwingine akamwambia nyumba haina neno, shida ni maombi tu. Akaamua aje aone mwenyewe.

Siku ya kliniki alisimama mlangoni. Mzee wa kanisa akaingia kutufungulia kwa maombi kama kawaida yake. Mtendaji akainua kiganja.

"Hapana, mzee. Hii ni saa ya serikali."

"Ina maana ile ya Mungu imesimama?"

Wakati wanabishana nesi akaanza kazi. Mama wa kwanza akamtoa mwanawe kwenye mizani, akaambiwa ameongezeka vizuri, akasema, "Ndaga Kyala!"

"Amesema nini?" mtendaji akaniuliza.

"Ametoa shukrani. Ndaga ni asante."

"Na Kyala?"

"Mungu."

Akajikuna shingo. "Sasa hayo ni maombi, au si maombi?"

"Hiyo ni kilo," nesi akasema bila kugeuka. "Mtoto kaongeza kilo. Anayefuata!"

Ndipo mtendaji akamwona mke wa mwalimu. Mwanamke yule ni Mwislamu, mtu wa Lindi, mumewe anafundisha shule yetu ya msingi. Alikuwa amesimama nje chini ya upenu, manyunyu yanampiga, mtoto kamfunika kwa mtandio.

"Mama, mbona uko nje?"

"Nangoja wamalize kuomba."

"Leo hawaombi."

"Sikujua. Nimezoea."

"Na umefika muda mrefu?"

"Kabla ya bibi huyu." Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimekaa benchi la mbele.

Ilikuwa kweli. Foleni yetu ilikuwa benchi, na benchi lilijaa wakati wa maombi. Yeye kila mwezi aliingia baada ya amina, akakaa mkiani. Na chupa moja ya chanjo ya surua ina watoto wake. Ikiisha, nesi hafungui nyingine kwa ajili ya mtoto mmoja, maana ikishafunguliwa inayobaki inamwagwa. Wa mkiani anaambiwa arudi mwezi ujao.

"Mwanangu ameshazidi umri wa chanjo," akasema. "Nimerudishwa mara mbili."

Uso wa mtendaji ukachangamka. "Mmeona? Ndiyo maana nasema kliniki ihame!"

"Ihamie wapi?" Mama yule akaingia ndani sasa, maji yanamchuruzika. "Ng'ambo? Nivukeje mto huu na mume wangu yuko darasani? Mtendaji, usinitetee hivyo. Mimi sigombei nyumba. Nagombea foleni."

"Lakini hatujawahi kukufukuza," mzee wa kanisa akasema.

"Hamjanifukuza, baba. Mmenitangulia."

Nesi akachukua beseni, akaliweka kizingitini. Kuanzia sasa, akasema, kila anayefika atumbukize kadi ya mtoto humo, na kadi ya chini ndiyo ya kwanza. "Anayetaka kuomba aombe. Kadi haiombi."

Mtendaji akauliza hayo atayaandikaje wilayani.

Mimi nikasimama, nikampa mke wa mwalimu nafasi yangu, nikaenda kukaa mkiani. Mzee wa kanisa akanifuata huko, akaninong'oneza kwamba nimeliuza kanisa kwa beseni.

"Tofali zake nimefyatua mimi," nikamwambia. "Siku nikiliuza nitakuambia bei."

Mtoto wa mwalimu akachanjwa. Zamu yetu ilipofika, nesi akaitazama chupa dhidi ya mwanga, akatikisa kichwa. "Bibi, mwezi ujao."

Mwezi uliofuata mto ulikuwa umeshafunika daraja la miti, ng'ambo hakwendi mtu. Nikapita juu ya tuta la shamba la mpunga, polepole, fimbo mkono mmoja, mpaka nyumba ile ile ya akina mama. Ndani, upande wa nyuma, mzee wa kanisa alikuwa akiomba na waliotaka, huku mbele majina ya watoto yanaitwa. Lilipoitwa la kitukuu changu nikamlaza mapajani. Yule ana nguvu kama ndama. Mke wa mwalimu, aliyekuja kumpima wake, akapiga magoti akamshika miguu, na nesi akamchoma.