Mbolea ya Marehemu

Hebu mwone akiingia: mwanamke wa makamo, toroli tupu mbele yake, koti la marehemu mumewe likimfika magotini, anapita lango la ghala la serikali kabla jua halijawa kali. Hapa wote humwita Mama Jembe, na si kwa utani. Ekari tatu za mahindi amezilima kwa mikono yake tangu aolewe, hata enzi zile mumewe yu hai, bwana ambaye kila ikinyesha mgongo humuuma.

Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni, na majani ya chini yameanza umanjano. Mkulima haulizi maana yake. Yasipopata mbolea ya kukuzia wiki hii, hayatabeba. Ya dukani ilikuwa haishikiki kwa bei. Tegemeo lake na wajukuu zake wawili lilikuwa hii ya ruzuku.

Foleni ilijikongoja. Zamu yake ilipofika, karani aliingiza namba ya shamba kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mama, huyu mkulima amefariki."

"Najua, mwanangu. Nimemzika mwenyewe."

"Basi ameshafutwa. Nani alileta taarifa?"

"Mimi."

Na kweli ni yeye. Afisa kilimo alitangaza mkutanoni kwamba kila kifo kiripotiwe, na Mama Jembe, ambaye hajapata kuvuka mpaka wa jirani hata kwa tuta moja, kesho yake alifunga safari na cheti cha kifo mkononi. Alidhani anafutwa mtu tu. Kumbe shamba zima lilisajiliwa kwa jina la mumewe peke yake. Alipotoka mume, nalo likatoka.

Jirani yake, mjane mwenzake, aliyekuwa ameketi juu ya mifuko yake, akaangua kicheko. "Shoga, kilikuwasha nini? Wangu ana mwaka wa nne kaburini, na kila msimu anachukua mbolea bila hata kukohoa! Wewe wako umemzika mara mbili."

Watu wakacheka. Mama Jembe naye akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akamgeukia karani.

"Niandike mimi, basi."

"Usajili mpya ni msimu ujao, mama."

"Na mahindi nikayaambie yasubiri?"

Karani akaigeukia tena kompyuta yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kompyuta.

Hapo ndipo shemeji, mdogo wa marehemu, alipojitokeza pembeni ya foleni, shati limenyooka utadhani anakwenda harusini.

"Shemeji, usihangaike na mimi nipo. Mkulima aliyesajiliwa kama mimi anaruhusiwa kuongeza ekari leo leo. Shamba la kaka tuliweke kwa jina langu, ubebe mbolea yako uende zako. Ni karatasi tu."

"Na msimu ujao litarudi kwangu?"

"Ah, shemeji! Kwani sisi si ndugu?"

Fomu alikuwa nayo mfukoni, imeshajazwa. Mama Jembe hakusoma sana, lakini kusoma anajua. Alipitisha kidole taratibu: ekari tatu, mpaka wa mashariki, mpaka wa magharibi, na mstari wa mwisho, *pamoja na kiwanja chenye nyumba*.

"Nyumba nayo inataka mbolea, shemeji?"

"Ndivyo wanavyoandikaga," alijibu, macho yakiwa kwenye milima. "Fanya haraka, ghala linafungwa saa sita."

Mle ndani mifuko ilikuwa inahesabika. Karani akamsogezea wino bila kumtazama, maana fomu ilitaka dole gumba. Mama Jembe akalichovya.

"Mama, amua bwana, na sisi tuna mashamba!" mtu akafoka kutoka nyuma.

Akikataa, wajukuu watakula nini hadi mavuno mengine? Akikubali, watalala kwa ridhaa ya nani? Dole lilisimama juu ya karatasi, jeusi, lina mipasuko ya jembe, umebaki upana wa ukucha tu kuifikia. Msikilizaji wangu, nisaidie: lingekuwa dole lako, ungeliweka?